Kugeuza vani kuwa gari la kulala: karatasi kabla ya msumeno

Matatu ya abiria 14 ikimaliza siku zake barabarani, mara nyingi bado ina injini ya kufanya kazi nyingine. Baadhi hung'olewa viti zikabeba nyanya na kabichi kutoka milimani hadi Voi. Nyingine huwa duka la kutembea. Siku hizi kuna matumizi ya tatu yanayowavutia vijana wetu, na hata wastaafu: kuondoa viti, kutandika kitanda, kuweka jiko dogo na tangi la maji, na kuifanya vani iwe gari la kulala, yaani kempa.

Wazo hili lina mantiki katika kaunti yetu kuliko sehemu nyingi za Kenya. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapita Voi, na lami ya kutoka Voi kupitia Mwatate inafika hadi mpaka wa Taveta. Huku juu kuna Vuria, wenye urefu wa mita 2,208, na misitu ya Ngangao na Mbololo yenye ndege wasiopatikana kwingine duniani. Upande wa Taveta kuna maziwa ya Chala na Jipe. Mgeni mwenye gari la kulala anaweza kuyaona yote haya kwa siku chache bila kupanga hoteli hata moja, na mkaazi mwenye gari kama hilo anaweza kumkodisha mgeni huyo.

Tatizo huanza pale fundi anaposhika msumeno kabla ya mwenye gari kushika karatasi. Gari hutoka gereji likiwa zuri, limepakwa rangi mpya, lina dirisha jipya ubavuni na paa lililoinuliwa, lakini cheti chake cha umiliki, ambacho wengi tunakiita logibuku, bado kinasema ni basi dogo jeupe la abiria 14. Barabarani hilo si gari lile lililosajiliwa. Askari wa trafiki anaweza kulizuia, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Siku ya kuliuza, mnunuzi makini atalinganisha logibuku na gari kisha aende zake.

Nani anasajili nini

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Serikali ya kaunti haisajili magari. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa masuala ya trafiki barabarani, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kaunti inahusika na utalii wa mashinani, leseni za biashara na maegesho ya mjini. Kwa hivyo ukienda ofisi ya kaunti kuomba kibali cha kukata paa la vani, utaelekezwa NTSA, na afisa aliyekuelekeza hatakuwa amekutupa.

Huduma za NTSA sasa hupatikana kupitia akaunti ya eCitizen. Ule mfumo wa zamani wa TIMS uliwekwa kando mwaka 2023, kwa hivyo usimlipe mtu anayekuambia atakufungulia akaunti ya TIMS. Asiyekuwa na intaneti nyumbani anaweza kusaidiwa katika Huduma Center. Nenda na kitambulisho chako, namba ya PIN ya KRA na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.

Nini hubadilika kwenye logibuku

Toa logibuku yako uisome taratibu. Ina namba ya usajili, namba ya chesisi na ya injini, muundo wa gari na aina ya bodi, rangi, mwaka wa kutengenezwa, uzito wa gari likiwa tupu, uzito wa jumla, na idadi ya abiria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari kumjulisha msajili jambo lolote linalofanya maandishi hayo yasiwe ya kweli tena.

Sasa pima kazi unayotaka kufanya dhidi ya orodha hiyo. Ukiweka godoro na sanduku la vyombo ambavyo unaweza kuvitoa kwa dakika tano, gari halijabadilika. Hiyo ni mizigo tu. Ukitoa viti 11 na kufunga kitanda kwa bolti, idadi ya abiria imebadilika. Ukiinua paa, au ukitoboa ubavu kuweka madirisha, umegusa bodi. Ukipaka kijani gari lililoandikwa jeupe, umebadilisha rangi. Na makabati yakiongeza uzito, gari tupu si tupu kama zamani.

Jina ambalo bodi itaandikwa baada ya kazi si lako kuchagua, wala si la fundi. Ni uamuzi wa NTSA baada ya ukaguzi. Ndiyo maana tunashauri uulize mapema, kwa maandishi, ukiambatisha mchoro rahisi unaoonyesha kitanda kitakaa wapi, viti vitabaki vingapi na paa litapanda kwa sentimita ngapi. Kuuliza mapema si udhaifu. Uingereza, ambako magari haya ni mengi sana, mamlaka ya magari ilikaza kamba mwaka 2019 na kuanza kuangalia kama gari linaonekana kempa kwa nje pia. Watu waliokwisha kutumia pesa nyingi ndani ya vani zao walikataliwa kubadilishiwa jina la bodi. Sheria yao si yetu, lakini hasara ya kujenga kwanza na kuuliza baadaye ni ileile kila mahali.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni ushuru. Kwa orodha ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, magari ya kubeba mizigo yako chini ya namba 8704, na magari ya watu, yakiwemo ya kulala, yako chini ya 8703. Vani iliyoingia nchini kama gari la mzigo ilitozwa kwa hesabu ya gari la mzigo. Ukitaka isomeke kuwa gari la watu, ni busara kupata jibu la Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya kununua hata msumari.

Na ikiwa gari lina mkopo, logibuku huwa na majina mawili, lako na la benki au sako. Huwezi kubadilisha chochote bila barua ya ridhaa kutoka kwao.

Mwendo wa kazi, kwa ufupi

Kwanza, kabla ya kununua, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari, na utajua mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo. Ukishanunua, hamisha umiliki. Sheria inakupa siku 14. Baada ya hapo hupaswi kulitumia gari barabarani likiwa bado kwa jina la mtu mwingine. Usiingie kwenye mtego wa kusema utahamisha na kubadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja baada ya kumaliza ujenzi. Muuzaji anaweza kubadilisha namba ya simu, kusafiri au kufariki, nawe ukabaki na kempa iliyosajiliwa kwa jina la marehemu.

Halafu uliza NTSA, na KRA inapobidi. Jenga kulingana na jibu ulilopewa. Hifadhi kila risiti: ya mbao, ya kioo, ya fundi wa kuchomelea. Omba ukaguzi kwenye akaunti yako ukichagua kituo cha NTSA kilicho karibu, peleka gari likiwa safi na namba ya chesisi ikisomeka, kisha tuma ombi la kubadilisha maelezo pamoja na ripoti ya ukaguzi na logibuku ya zamani. Logibuku mpya ikitoka, isome hapohapo. Kosa la herufi moja kwenye namba ya chesisi ni rahisi kurekebisha wiki hiyo, na ni kero kubwa baada ya miaka miwili.

Ukinunua iliyokuwa matatu, kuna kazi ya ziada. Ule mstari wa manjano ubavuni, ulioletwa na kanuni za matatu zilizoanza kutumika mwaka 2004, ni alama ya gari la uchukuzi wa umma. Ufute. Maliza pia leseni ya barabara ya gari hilo, na uhakikishe kwamba mwenyewe wa awali ameliondoa kwenye vitabu vya sako yake ya uchukuzi. Vinginevyo utasimamishwa Mwatate uulizwe kwa nini matatu inatembea na pazia na sufuria.

Baadhi yetu tuna ndugu ng'ambo ambao husema ni afadhali kuleta kempa iliyokwisha jengwa. Inawezekana, lakini kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 kuingia nchini, na usukani lazima uwe kulia. Kempa nyingi za bei nafuu Ulaya ni za zamani, na usukani wake uko kushoto. Mwambie mapema kabla hajatuma pesa.

Mlima haujali rangi ya gari

Hapa tukae kidogo, maana karatasi zikikosewa utapoteza pesa, lakini uzito ukikosewa kuna watu watapoteza maisha.

Voi iko karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, na Wundanyi iko zaidi ya mita 1,400. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupandwa baada ya Mwatate, kwa kona kali, upande mmoja ukiwa mwamba na mwingine bonde. Kupanda huonyesha nguvu ya injini. Kushuka huonyesha breki, na breki hazijui kwamba mzigo wako ni kitanda kizuri cha mninga.

Chukua zile vani ndogo za Kijapani za injini ya sisi 660, ambazo ni rahisi kununua na hazinywi mafuta. Zilitengenezwa kubeba mzigo wa kilo 350, mbali na watu wawili wa mbele. Ziandike gharama za kempa kwa kilo badala ya shilingi. Mbao tatu za plaiwudi nene ni takriban kilo 95. Fremu na bitana ya ndani, kilo 40. Betri ya pili ya asidi, 30. Lita 60 za maji ni kilo 60. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa hufika karibu kilo 14, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Paneli ya sola 10, godoro 15, keria ya juu na turubai 40. Umeshafika kilo 304, na hujaweka chakula, nguo, jeki wala gurudumu la pili la akiba. Kilo 46 zilizobaki haziwezi kubeba hata mtu mzima mmoja wa kukaa nyuma.

Vani kubwa zaidi zina nafasi, lakini hesabu ni ileile: uzito wa jumla ulioandikwa, toa uzito wa gari tupu, ndicho kiasi chako, watu wakiwemo. Likiisha kujengwa, lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa na maji na mafuta. Usikubali maneno ya "litabeba tu, boss". Tumia plaiwudi nyembamba mahali pasipobeba uzito. Weka maji chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wala si juu ya paa. Gari lenye uzito juu hulala kwenye kona, na kona kati ya Josa na Wundanyi hazihesabiki kwa vidole. Ukishuka, tumia gia ndogo na uachie injini ikushikilie, usiegemee breki hadi zinuke.

Paa la kuinuka linahitaji neno lake. Kenya tumezijua kwa miaka mingi vani za watalii ambazo paa lake hupanda ili mgeni asimame kuona ndovu. Mafundi wa kazi hiyo wapo Mombasa na Nairobi, na wanajua kwamba ukikata mataruma ya paa lazima uzungushie fremu ya chuma mahali ulipokata. Fundi wa mtaani anayechomelea milango na mageti anaweza kuwa hodari sana wa kuchomelea, na bado asijue hilo. Mwulize aliwahi kuinua paa la gari gani, ukalione.

Abiria wakae kwenye viti vilivyofungwa kwa bolti, vyenye mikanda. Mtoto asilale kitandani gari likitembea, hata kama ni kutoka Wundanyi hadi Werugha tu.

Gesi, makaa na usiku wa baridi

Mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka mapema huku milimani, na aliyelala ndani ya chuma huhisi baridi kuliko aliyelala nyumba ya udongo. Kishawishi ni kuingiza jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kamwe, hata kwa dakika kumi, hata makaa yakiwa yameshika majivu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Chumba cha kawaida cha kulala kina hewa nyingi kuliko vani mara kadhaa, na bado watu hufa humo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyechoka na safari hudhani ni uchovu tu. Njia ya kupambana na baridi ni blanketi zaidi, bitana nzuri na chupa ya maji moto.

Gesi ya kupikia ni hatari ya namna nyingine. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja haipandi dirishani. Hutuama sakafuni, chini ya kitanda, ikisubiri cheche. Mtungi ukae kwenye kabati lake lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu chini linalotoa hewa nje ya gari. Funga mtungi usiyumbe. Funga valvu kila baada ya kupika na kila kabla ya kuondoka. Kipimo cha kuvuja ni povu la sabuni kwenye maungio, si kiberiti.

Umeme wa betri ya pili uwe na fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, maana waya ukichubuka kwenye bati hautakupa muda wa kutafuta spana. Kizimamoto kikae mlangoni, mahali unapokifikia ukiwa umelala. Na kitanda kisizibe mlango wa nyuma: gari la kulala lenye njia moja tu ya kutokea ni mtego.

Bima na kukodisha

Bima ya mtu wa tatu ni lazima chini ya Sura ya 405, lakini stakabadhi kwenye kioo haitoshi. Ijulishe kampuni kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, na uwape nakala ya logibuku mpya. Taja jiko la gesi. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipia gari lako, na hata pale inapolazimika kumlipa mtu uliyemgonga, sheria inaweza kuipa nafasi ya kukudai wewe pesa hizo baadaye.

Wanaotaka kulifanya gari biashara wafahamu kwamba bima ya binafsi haifuniki mgeni anayelipa. Ukikodisha au ukibeba watalii kwa malipo, utahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, leseni na bima inayolingana na kazi hiyo, na kibali cha biashara cha kaunti. Kibali chetu hakichukui nafasi ya zile nyingine, na zile nyingine hazikuondolei chetu. Ikiwa ni safari za familia pekee, hayo yote hayakuhusu.

Pa kulala

Kuwa na kitanda ndani ya gari hakukupi ruhusa ya kulala popote. Ndani ya mbuga ni lazima ulale kwenye kambi iliyotengwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Ndololo, karibu na lango la Voi, ni mojawapo. Malipo ni kwa eCitizen, si pesa taslimu, na kuendesha gari mbugani usiku hakuruhusiwi. Ada ya gari hupangwa kwa idadi ya viti, na lenye viti chini ya 6 liko kwenye daraja la chini kabisa. Kwenye misitu ya milimani, ongea na Huduma ya Misitu kabla ya kuegesha. Kwenye shamba la mtu, ongea na mwenye shamba. Na mahali pa fighi, wazee waulizwe kwanza.

Maji machafu na choo cha ndoo visimwagwe bondeni. Chemchemi za milimani ndizo zinazonywesha walio chini. Beba hadi kwenye choo.

Anayetaka kuvuka kwenda Tanzania kupitia Taveta na Holili, kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016, abebe logibuku halisi, bima ya kadi ya njano ya COMESA na, ikiwa gari lina mkopo, barua ya benki inayoruhusu safari. Maafisa wa pande zote mbili watalinganisha namba, rangi na bodi na kilichoandikwa. Anayebadilisha gari mwezi huu kwa safari ya Desemba aanze na NTSA sasa.